Lifti imegoma tena: dalili, visababishi, na pale unapotakiwa kuweka mikono mfukoni

Nasimamia jengo la ghorofa saba katikati ya mji wa Dodoma, lifti mbili, huu mwaka wa tisa. Mimi si fundi lifti. Mimi ni yule anayepigiwa simu kabla ya fundi, na simu zenyewe, ukizisikiliza kwa miaka yote hii, ni zilezile nane au tisa zinazobadilisha sauti tu. Nimekuwa nikiziandika kwenye kaunta buku, na haya yametoka humo. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu mpangaji hakupigii kukwambia sensa imechafuka. Anakwambia: "Kaka, lifti yako ina wazimu."

Kuna kitu kimoja ukikielewa, nusu ya haya utajiandikia mwenyewe. Kila mlango wa lifti, kila ghorofa, una kufuli lenye swichi ndogo ndani. Kuna swichi chini ya shimo la lifti, nyingine juu ya kabini, yaani kile chumba mnachopanda, nyingine kwenye kifaa kinachopima mwendo. Zote zimepitiwa na waya mmoja, moja baada ya nyingine, kama vibarua waliojipanga kupokezana matofali. Mmoja akidondosha, tofali halifiki, na lifti haiondoki. Kwa hiyo lifti iliyosimama mara nyingi imekataa kazi kwa makusudi, maana kuna mahali hapajafungwa sawasawa. Kazi yako ni kutafuta nani kadondosha. Usimruke.

Nasema hivyo kwa sababu atakuja fundi umeme wa mtaani, kijana mzuri tu, akuangalie usoni na kukwambia: "Hiyo tunaipiga jampa, bosi, inatembea sasa hivi." Na kweli itatembea. Itatembea na mlango wazi. Jampa ni kipande cha waya cha kuiruka swichi. Ukisikia neno hilo karibu na mlango wa lifti, mpe kijana nauli yake aende.

## "Mlango unafunga, unafunguka, unafunga, unafunguka"

Hii ndiyo inayoongoza kwenye daftari langu, na hakuna inayoikaribia.

Anza na mfereji wa chini, ule ambao mlango unateleza ndani yake. Piga magoti, washa tochi ya simu, angalia mfereji wa kabini na wa ghorofa, yote miwili. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma haupumziki, na vumbi letu jekundu likikanyagwa na viatu vya watu mia kwa siku linashindiliwa humo mpaka linakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Siku moja mwezi wa Saba lifti ya kushoto iligoma kufunga ghorofa ya tatu. Nilikuta ukoko wa vumbi umejaa mfereji mzima, na katikati yake, limelala kwa raha zake, ganda la karanga na nusu ya karanga yenyewe. Nililing'oa kwa ncha ya bisibisi, mlango ukafunga kama mpya. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, kufika 1951 wakafunga virago. Karanga za huku hazijaanza leo kuwashinda watu.

Safisha mfereji mkavu. Brashi ya kupakia rangi ya inchi moja inatosha, au mashine ya kunyonya vumbi kama mnayo. Usimwage maji. Hapa nilikosea mwenyewe mwaka wa kwanza: dada wa usafi alikuwa anapiga deki ukumbi wa ghorofa ya tano kila asubuhi, anasukuma maji yenye sabuni kwa mpira kuelekea mlango wa lifti kwa sababu "pale yanapotea haraka". Yalikuwa hayapotei. Yalikuwa yanashukia kwenye kufuli la mlango wa ghorofa ya nne. Baada ya miezi michache viunganishi vya kufuli lile vilikuwa na kutu ya kijani, na lifti ilikuwa inasimama ovyo bila mtu kujua kwa nini. Dada hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Mwambie wa kwako leo.

Mfereji ukiwa safi na mlango bado unacheza, angalia sensa. Lifti nyingi za siku hizi zina fito mbili nyembamba nyeusi kwenye kingo za mlango, zinarushiana miale isiyoonekana kuanzia karibu na sakafu mpaka usawa wa kichwa. Kitu chochote kikikata mwale mmoja, mlango unafunguka. Vumbi linatosha. Wakati mwingine ni stika ya kampeni iliyobandikwa na mtu asiyejulikana. Futa kwa kitambaa laini kikavu, juu mpaka chini, pande zote mbili.

Kisha bonyeza kitufe cha nje cha ghorofa hiyo na usikilize. Kikinasa ndani hakirudi, na lifti inaamini kuna mtu anaiita hapohapo kila sekunde, ndiyo maana inamfungulia. Kitufe kilichonasa utakijua kwa vidole: vingine vinaruka, hicho kimelala.

Sasa kisa kilichonisumbua wiki tatu. Mlango uligoma ghorofa ya chini peke yake, saa 11 jioni peke yake. Fundi akija asubuhi anakuta kila kitu safi, ananiangalia kama namtania. Siku moja nikakaa pale kwenye kiti cha mlinzi kuanzia saa 10, nikaona jua likishuka, likapita kwenye vioo vya mlango mkubwa unaotazama magharibi, likatambaa sakafuni mpaka likaipiga sensa usoni. Mlango ukaanza wazimu wake. Tukabandika karatasi ya kuzuia jua kwenye vioo, ugonjwa ukaisha. Tangu hapo, mtu akiniambia lifti imegoma, swali langu la kwanza ni: saa ngapi?

Ukimaliza hayo manne na bado, ishia hapo. Yanayobaki ni vipande vya plastiki vya kuelekeza mlango vilivyolika, mkanda wa mota ya mlango uliolegea, mlango uliopigwa na toroli ukapinda, au kufuli. Hizo ni za fundi. Wapangaji nao waambie waache kuzuia mlango kwa mguu au kwa katoni ya maji. Kila mlango unaosukumana na mguu wa mtu unalika kidogo, na siku ukikwisha anayelaumiwa ni wewe.

## "Lifti haiji, imekufa kabisa"

Usikimbilie juu. Tazama kioo kidogo cha namba kama kinawaka.

Kama kinawaka na namba imeganda, sema kwenye 4, panda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Mara nyingi utakuta mlango umewekewa jiwe, au sofa linahamishwa na wenye sofa wameenda kunywa chai. Hakuna kosa la kitaalamu hapo. Kuna pia swichi ya ufunguo ghorofa ya chini inayotumika kuipumzisha lifti usiku. Ulizia kama mlinzi wa zamu ya usiku ameirudisha. Mimi nimewahi kumwita fundi kwa ajili ya swichi hiyo. Nililipa, na sikumweleza bosi.

Kama hakuna taa hata moja, ni umeme. Umeme wa TANESCO upo ghorofa zote? Sakiti breka ya lifti imeanguka? Unaruhusiwa kuirudisha mara moja. Ikianguka tena, iache chini. Breka inayoanguka mara mbili ina sababu, na sababu hiyo haitoki kwa kuinyanyua mara ya tatu.

Kisha kuna kisa cha fezi, na hiki nakiweka kwa kirefu kidogo maana kinawatesa wengi mjini hapa. Lifti nyingi hutumia umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, na fezi hizo zina mpangilio. Fezi moja ikipotea, au mbili zikibadilishana nafasi, mota ingeweza kuungua au kuzunguka kinyume, kwa hiyo kuna kifaa kidogo kinachokagua mpangilio na kuizuia lifti. Transfoma ya mtaa ikirekebishwa, nyaya zikarudishwa kwa mpangilio mwingine, taa zenu zitawaka vizuri kabisa, kompyuta zitawaka, lifti itakataa. Namna rahisi ya kujua bila kugusa chochote: sikiliza pampu ya maji, kama ni ya fezi tatu. Ikiwa inanguruma lakini maji yanapanda kwa uvivu au hayapandi, huenda inazunguka kinyume, na lifti yako imekataa kwa sababu hiyohiyo. Izime pampu, piga simu TANESCO na fundi wa umeme wa jengo. Vivyo hivyo lifti inayotembea kwa TANESCO ikagoma kwa jenereta: mpangilio wa fezi za jenereta haufanani, au lifti haijaunganishwa upande wa jenereta kabisa. Usibadilishane nyaya mwenyewe. Ukizibadilisha mahali pasipo sahihi utaiponya lifti na kuua kila mota nyingine ndani ya jengo.

## "Inakufa mchana, inafufuka jioni"

Hii ni ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaja.

Chumba cha mashine kipo juu ya paa. Vifaa vingi vya humo vimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Sasa fikiria chumba cha zege chini ya bati, saa 8 mchana, kina mota, breki na kontrola, ule ubongo wa umeme unaoiongoza lifti, vyote vinatoa joto lake. Kontrola ikipata joto kupita kiasi inajizima, inapoa, inarudi. Wapangaji wanasema ina mapepo.

Angalia feni ya kutolea joto kama inazunguka. Angalia kama kuna mtu amefanya chumba kile stoo. Mimi nilikuta viti vibovu, mabango ya mkutano na godoro. Ondoa. Halafu angalia madirisha, na hapa Dodoma inakubana pande mbili: ukiyafungua vumbi linaingia kwenye kontakta, zile swichi kubwa za kuwasha mota, ukiyafunga joto linaua kontrola. Sisi tulifungua, tukaweka wavu mzito tunaousafisha kila mwezi. Weka kipimajoto cha bei rahisi ukutani, uandike namba kila siku saa 8 kwa wiki moja. Namba hizo zitamshawishi mwenye jengo kununua feni haraka kuliko maneno yako yote.

Mlango wa chumba hicho uwe na kufuli, na ukiingia, mikono nyuma. Vitu vya humo vinaanza kuzunguka bila hodi.

## "Inalia piiii, haiondoki"

Uzito. Lifti yetu imeandikwa watu 8, kilo 630. Hesabu ni kilo 75 kwa kila mtu pamoja na kipochi chake, siyo pamoja na gunia la mchele. Aliyeingia mwisho ashuke. Watu wanavyotazamana pale kila mmoja akimsubiri mwenzake ni tamthilia ya bure.

Ikilia na watu wanne tu, fikiria kwanza kilichoongezwa. Mwenye jengo mmoja rafiki yangu alipamba kabini: granite sakafuni, kioo kikubwa ukutani. Ikapendeza sana. Sakafu ya kabini ya aina ile ni mita 1.1 kwa 1.4, na granite ya sentimita 2 kwa eneo hilo ni zaidi ya kilo 80. Yaani kuna mtu mnene amepanda na hashuki milele. Kioo ni mwingine. Tena upande wa pili wa kamba kuna vyuma vya kusawazisha vilivyopimwa kwa kabini isiyo na mapambo, kwa hiyo mota na breki zinabeba tofauti hiyo kila safari. Hakuna cha kurekebisha kwa bisibisi hapo. Fundi apige hesabu upya, au granite itoke.

Ikilia ikiwa tupu kabisa, ni kipima uzito. Mwite fundi, na usimruhusu mtu yeyote aichomoe ile kengele kwa sababu inasumbua.

## "Nimejikwaa, imesimama juu ya sakafu"

Tofauti ya sentimita moja hivi utaiona kabini ikiwa imejaa, na kamba mpya hutanuka kidogo miezi ya mwanzo, fundi anarekebisha. Ikifika unene wa vidole viwili ni hatari kwa mzee, kwa mwenye kiti cha magurudumu, kwa mama aliyebeba mtoto. Sababu za kawaida ni vumbi kwenye vitambuzi vya ghorofa, kisha breki iliyolika.

Jambo moja tu hapa halina mjadala. Ukiona kabini inasogea, hata taratibu, huku mlango uko wazi, toa watu, zima meni swichi ya lifti, weka bango na kizuizi kila ghorofa, piga simu. Hiyo ni breki au kontrola, na watu hufa hivyo. Usisubiri kuona kama itarudia.

## "Inapiga kelele"

Fupi. Kukwaruza wakati wa kufungua mlango: mfereji, rudi juu. Kukwaruza wakati wa safari nzima: reli au viatu vinavyoteleza kwenye reli, mara nyingi mafuta yamekutana na vumbi yakawa uji. Usipake grisi wewe. Mlio wa ghafla kama bunduki, au kishindo wakati wa kusimama, usiusikilize mara ya pili, zima.

## "Usiku inatembea yenyewe"

Mlinzi wetu mmoja aliomba ahamishwe zamu kwa ajili hii. Saa 9 usiku, jengo tupu, lifti inashuka kutoka ghorofa ya sita, inafungua mlango mbele yake, inasubiri kidogo, inafunga. Akasema amesikia na harufu ya ubani.

Ubani sina maelezo nao. Kutembea ninayo. Lifti nyingi zimepangwa zirudi ghorofa ya chini zikikaa muda bila kuitwa, ili asubuhi zikute watu. Umeme ukikatika na kurudi, lifti imesahau ilipo, kwa hiyo inatembea polepole kutafuta alama yake ya kwanza, kama mtu aliyeamshwa gizani anavyopapasa ukuta. Na umeme unakatika usiku watu wamelala, nani atajua? Sababu ya tatu ni kitufe kilichonasa. Nilimwonyesha mlinzi kwa kuzima na kuwasha lifti tupu mbele yake. Alitazama mpaka mwisho, akashukuru, akahama zamu hivyohivyo.

Na kwa kuwa tuko kwenye imani: kubonyeza kitufe cha juu na cha chini kwa pamoja hakuiharakishi. Kunaifanya isimame kwako mara mbili, mara moja bila sababu, na ndiyo maana saa 2 asubuhi nyote mnachelewa.

## "Tumekwama ndani"

Kama uko ndani: bonyeza kengele, kaa mbali na mlango, keti chini ukiweza, usijaribu kuutenganisha mlango kwa mikono. Umeme ukikatika, subiri dakika moja au mbili kabla ya kupiga kelele. Jenereta huchukua muda kuwaka, na lifti yenye betri ya uokoaji itajipeleka taratibu kwenye ghorofa ya karibu na kufungua mlango.

Kama uko nje, kazi yako ya kwanza ni mdomo. Tafuta ghorofa ilipo, simama mlangoni, ongea. Waulize wako wangapi, kuna mgonjwa, mjamzito, mtoto? Waambie fundi ameitwa na atachukua muda gani, na useme muda wa kweli.

Mwaka juzi alikwama mzee mmoja kutoka Mpwapwa aliyekuja kwa wakili kufuatilia kiwanja chake. Peke yake, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nikasogea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Halafu: "Marahaba, mjukuu wangu. Nimekufa au bado?"

"Bado, mzee. Umeme tu. Kwa bahati fundi yuko mjini leo, dakika ishirini."

"Hewa je? Haitaisha?"

Nikamwambia ukweli: kabini ina matundu ya hewa juu na chini, haijazibwa kama mtungi. Joto litaongezeka kidogo, hewa itakuwepo. Akakaa kimya, kisha akauliza lile ambalo kila mtu huliuliza: kamba ikikatika?

Hili nililijibu kwa kirefu maana tulikuwa na muda. Kamba haipo moja, ziko kadhaa za chuma, na moja peke yake ina nguvu ya kushika kabini. Na hata zote zingekatika, kuna kifaa kinachopima mwendo. Kabini ikikimbia kupita kiasi, kinafyatua meno yanayozibana reli za pembeni na kuisimamisha. Mmarekani Elisha Otis alilionyesha jambo hilo hadharani New York mwaka 1854: alipanda jukwaa akiwa juu mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, jukwaa likashuka kidogo tu likashikwa. Nikamwongezea na siri ambayo wengi hawaijui. Vile vyuma vya upande wa pili vina uzito wa kabini pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Kwa hiyo kabini yenye mtu mmoja ni nyepesi kuliko vyuma. Breki ikiachia leo, mzee, huanguki. Unapanda juu.

"Huko juu ndiko sitaki kwenda sasa hivi, mjukuu," akasema.

Tulicheka wote wawili, mlango katikati yetu. Alitoka baada ya dakika 25, akaomba maji, akapanda ngazi mpaka kwa wakili. Betri ya uokoaji, ilionekana baadaye, ilikuwa imekufa zamani. Hazidumu, na joto la paa linazifupishia maisha. Fundi aijaribu kila anapokuja, kwa kukata umeme lifti ikiwa tupu, nawe ukishuhudia kwa macho.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Kuna ufunguo wa pembetatu unaofungua milango ya lifti kutoka nje. Kama hujafundishwa kuokoa watu, usiutumie, na usimwachie mlinzi. Kwanza, unaweza kufungua mlango ukidhani kabini ipo pale, ukaingia shimoni. Pili, kabini ikisimama nusu juu ya sakafu, kuna uwazi chini yake. Mtu akiruka kutoka ndani akateleza kurudi nyuma, anaingia kwenye uwazi huo. Walionaswa wako salama zaidi ndani kuliko mahali popote unapoweza kuwapeleka kwa haraka. Mgonjwa akizidiwa, ukiona moshi, au fundi akiwa mbali, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wakati wote huo hakikisha hakuna anayecheza na meni swichi. Kuzima na kuwasha ili "ijifikirie upya" ni kwa lifti tupu, mara moja, na kwa ruhusa ya fundi.

## Maji na moshi

Mvua za Dodoma ni chache, lakini zikishuka kati ya Desemba na Aprili zinashuka zote siku moja. Ukiona maji yanaelekea shimo la lifti, ipeleke kabini ghorofa za juu, itoe watu, izime. Usishuke shimoni kuchota, hata yakionekana ya kifundo cha mguu. Kuna umeme humo. Usiwashe mpaka fundi aseme. Harufu ya kuungua: zima, ngazi kwa kila mtu. Jengo likiungua: ngazi, hata kama lifti bado inatembea.

## Ukimpigia fundi

Jengo letu linahudumiwa na fundi anayetoka Dar es Salaam. Siku hizi treni ya SGR imemsogeza, tangu 2024, lakini kipuri alichosahau bado kinabaki Dar. Kwa hiyo maneno yako ya simu ndiyo yanayoamua atakuja na nini begani. "Lifti mbovu, njoo" inamleta na mikono mitupu.

Mwambie lifti ipi, ghorofa ipi, saa ngapi, imetokea mara ngapi. Kama kontrola inaonyesha namba ya hitilafu, piga picha kabla hujazima chochote, maana aina nyingine zinafuta. Mwambie kilichotangulia: umeme ulikatika, mvua, mtu alihamisha vitu, TANESCO walikuwa kwenye nguzo. Mwambie na ulichokwisha kugusa, hata kama ni aibu. Kila anapomaliza, aandike kwenye daftari alichokuta, alichobadilisha, tarehe, sahihi. Asiyetaka kuandika, muulize kwa nini.

Niliyomtumia wiki iliyopita ilikuwa hivi: "Lifti ya kulia. Ghorofa ya 5 tu. Mlango unafunga, lifti haiondoki, unafunguka. Mara 6 tangu jana, asubuhi na jioni. Mfereji safi, sensa nimefuta, vitufe vinaruka. Jumamosi wapangaji wa 5 walihamisha kabati la chuma. Ukingo wa mlango upande wa kushoto una mkwaruzo mpya, picha hii."

Alishuka stesheni na kufuli la mlango mkononi.